Vidonge Nilivyoshushia kwa Maziwa

Nyonga mbili ziliharibika katika habari hii. Ya kwanza ni yangu, ya kushoto, ambayo mpaka leo ibada ikirefuka naanza kujigeuza kwenye benchi kabla mchungaji hajafika katikati ya mahubiri. Ya pili nitaifikia. Sina haraka nayo, na mkifika huko mtaelewa kwa nini.

Nesi mmoja wa hapa kwetu ndiye aliyenishikilia niandike, eti nitawasaidia wanaopewa dawa kama yangu. Sawa, naandika. Lakini sijui kupamba maneno, na ugonjwa ule haukuniachia hamu ya kupamba. Nitaeleza tu jinsi mtu mwenye akili zake timamu, anayejua kusoma na kuandika, alivyomeza dawa aliyoandikiwa na daktari, kwa saa zake, wiki sita nzima, na isimsaidie.

Kazi yangu ni cherehani. Kwetu ni Machame, ila niliolewa na Lazaro, Mwarusha wa Oldonyo Sambu, fundi magari, tukapanga nyumba Sakina, hatua chache kutoka barabara ya Nairobi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Kila mwenye dirisha alifungua duka, na mitumba ilishaanza kutuua sisi washonaji, lakini sare za shule na magauni ya kipaimara bado yalikuja kwangu. Cherehani yangu ilikuwa ya miguu. Unakanyaga kutwa nzima, na nyonga ndiyo injini. Nyonga ikifa, na mimi sina kazi, na watoto wangu wawili hawana sare wala karo. Hilo lilikuwa wazi kwangu tangu siku ya kwanza iliponiuma.

Kila Jumatatu na kila Alhamisi basi la kutoka Namanga lilisimama mbele ya gereji ya Lazaro, na konda akashusha kidumu cha maziwa mgando. Yalitoka kwa mama mkwe wangu. Nilimwita yeyo, kama watoto wake walivyomwita, yaani mama. Yalikuwa maziwa ya kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto, mazito, yenye harufu ya moshi. Mimi Mchaga wa ndizi niliyazoea mpaka nikawa siwezi kulala bila kikombe. Na pamoja na kidumu ulikuja ujumbe ule ule. Konda alikuwa akining'inia mlangoni anautoa kama kiitikio: "Mama Neema, yeyo anasema unywe yote."

Nami nilikunywa yote.

Masika moja nilikuwa na mimba ya miezi mitano, ikatoka. Haikuwa na sababu, sikuanguka, sikubeba kitu. Yeyo alikuja siku hiyo hiyo. Ndiye aliyemfunga yule mtoto kwenye kitenge, kwa mikono yake, akaenda naye Oldonyo Sambu kumzika kwa sababu mimi nilikuwa siwezi kusimama. Aliporudi alikaa pembeni ya kitanda changu akatafuta neno la kunifariji.

"Ni mwaka wenyewe," alisema. "Hata zizini ni hivyo hivyo. Ndama wawili wametoka kabla ya siku zao."

Nilimshukuru. Kumbukeni maneno hayo, maana mimi niliyasahau.

Baada ya hapo ikaanza homa. Ilikuwa na adabu ya ajabu, haikuja asubuhi. Asubuhi niliamka mzima nikafungua kazi, na ikifika saa tisa mchana mwili unaanza kuuma, saa kumi nimejifunika blanketi kwenye jua. Jioni natoa jasho mpaka gauni linaganda mgongoni, na jasho lenyewe lilikuwa na harufu kama ya majani yaliyolowa. Kisha nyonga. Mwanzoni ilikuwa kama mtu amekusukumia kidole mfupani. Kufika Juni, baridi ilipoingia na Meru ukawa hauonekani wiki nzima kwa mawingu, nilikuwa nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja.

Zahanati walisema malaria. Nikanywa klorokwini, ikaniwasha mwili mzima hadi nikajikuna kwa kitana. Wakasema malaria sugu, nikapewa nyingine. Kisha nikaenda duka la dawa lililofunguliwa mtaani kwetu. Muuzaji alikuwa kijana ambaye mwaka wa nyuma yake alikuwa akimuuzia Lazaro spea. Sasa alivaa koti jeupe.

"Chukua hivi vya rangi mbili, kumi tu," aliniambia. "Ukiona nafuu acha, usije ukauchosha mwili."

Nilimeza sita, nikaona nafuu, nikaacha. Vinne nilivyobakiza nilimpa jirani yangu, akavipasua, akamwaga unga wake kwenye kidonda cha mguuni kwa mwanawe. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi. Dawa ikiingia kwenye nyumba ni kama chumvi, mwenye nayo humpa asiye nayo, na anayenyima anasemwa. Mimi nisingeweza kunyima, na wala sikujua kwamba kuna sababu ya kunyima.

Homa ilirudi baada ya siku nne. Ndipo Lazaro akanipeleka hospitali ya misheni.

Ninalijua lile benchi. Lilikuwa la ubao, limepakwa rangi ya kijivu, na mwisho wake wa kulia kulikuwa na msumari. Wageni walikaa upande wa msumari, sisi wenyeji tulikaa kushoto. Nilikaa pale siku tatu tofauti: ya kuandikisha, ya kutolewa damu, na ya majibu. Nyonga inakuuma ukikaa na inakuuma ukisimama, kwa hiyo unakaa na kusimama, na watu wanakuangalia kama una haraka kuliko wao. Mama mmoja mnene, ambaye sikuwahi kumjua jina, alivua kitenge chake akakikunja mara nne akanitandikia. Katika walionifaa mwaka ule, huyo namhesabu.

Daktari alikuwa kijana, amechoka, macho mekundu. Akasema damu yangu imeonyesha ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa watu, akautaja kwa jina la kizungu, nami nikalisahau kabla sijafika dirisha la dawa.

"Mnafuga?" aliniuliza.

"Hapana, daktari. Naishi Sakina. Mimi ni fundi cherehani."

Lilikuwa jibu la kweli kabisa. Akaandika, na nje kulikuwa na watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Nilipewa sindano ya kila siku kwa wiki tatu, na kapsuli za tetrasaiklini, mbili mara nne kwa siku, wiki sita bila kuruka. Juu ya bahasha aliandika 2 x 4. Hakuandika zinamezwa na nini, na mimi sikuuliza. Nilidhani dawa ni dawa, ikishapita kooni imefika.

Yeyo aliposikia kwamba ni wiki sita, alikuja kuniuguza. Aliacha ng'ombe wake kwa shemeji zangu akaja na begi moja na vibuyu viwili. Nisimseme vibaya kwenye hili. Alinifulia, alinikanda nyonga kwa mafuta ya kondoo, alipika, aliwaogesha watoto. Lazaro alianza kuchelewa gereji, akila kwa mama ntilie, kwa sababu mwanamume naye huchoka kuona mgonjwa. Yeyo hakuchoka.

Siku ya kwanza alizigeuza zile kapsuli kwenye kiganja chake, akazinusa.

"Dawa kali hii," alisema. "Haiwezi kuingia kwenye tumbo la mgonjwa hivi hivi. Itakuchoma."

"Bahasha haijasema kitu, yeyo."

"Bahasha haina tumbo."

Akamimina mgando kwenye kikombe cha bati, kikafurika. Nikaweka kapsuli mbili kwenye ulimi nikashushia. Alisimama mbele yangu, mkono kiunoni, mpaka kikombe kikafika chini. Ikawa hivyo mara nne kwa siku. Vikombe vinne vya mgando, kapsuli nane, na yeyo amesimama. Nilinenepa mashavu. Majirani wakasema mkwe kama huyo unazaliwa naye, hupewi. Hata mimi nilisema hivyo, kwa mdomo wangu.

Sindano zilinisaidia, nadhani. Wiki tatu za kwanza homa ililegea. Masikio yalianza kulia, ngiii, kama redio iliyotoka kwenye stesheni, ila sikumwambia nesi, nikaona ni aibu kulalamikia dawa inayokuponya. Sindano zikaisha, nikabaki na kapsuli peke yake. Wiki ya tano, saa tisa mchana, nikiwa napiga pasi sare, nikasikia ule ubaridi unapanda kutoka miguuni. Niliweka pasi chini. Nilijua.

Wiki ya sita ilipoisha yeyo alirudi kwa ng'ombe wake, nami nilikuwa nimerudi nilikoanza, na nyonga imezidi. Sikuweza tena kukanyaga hata kwa mguu mmoja. Wateja walikuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao. Mwalimu mmoja aliyeniletea sare za darasa zima alikuja mwenyewe, akazikunja polepole, akasema, "Pole sana, fundi, shule inafunguliwa." Nilimsaidia kufunga mzigo. Lazaro alisimama mlangoni akaangalia, kisha akaniambia neno ambalo sijalisahau.

"Labda wewe dawa hazikushiki, Mama Neema. Kuna watu wa hivyo."

Yaani kosa likawa la damu yangu.

Vuli ilianza, matope yakajaa Sakina, nami nikarudi kwenye lile benchi kwa fimbo. Safari hii nilimkuta daktari mwingine, mama wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Alisoma faili langu kimya. Akauliza nilimeza siku ngapi, nikamwambia. Akauliza nilizipata wapi, nilizihifadhi wapi, niliruka mara ngapi, nilimpa nani. Nilianza kukasirika. Niliona ananitafutia kosa.

"Ulikuwa unameza na nini?"

"Na nini vipi, daktari?"

"Ukishaiweka mdomoni. Unashushia na nini?"

"Na maziwa."

Aliweka kalamu mezani. "Maziwa gani?"

"Mgando. Mama mkwe ananiletea kutoka Oldonyo Sambu."

"Yanachemshwa?"

"Mgando unachemshwaje, daktari? Ni ya kibuyu."

Akavua miwani. "Huko kwa mama mkwe, kuna ng'ombe waliotupa mimba karibuni?"

Ndipo nikamsikia yeyo pembeni ya kitanda changu, akinifariji na ndama wake wawili. Nikaitikia kwa kichwa.

"Ni ugonjwa huo huo," alisema. Hakuwa mkali, afadhali angekuwa mkali. "Unakaa kwenye maziwa mabichi, na kugandisha hakuuui, wala moshi hauuui. Na hii dawa haipatani na maziwa. Yanaishika humo tumboni, inatoka kama ilivyoingia. Kila ulipomeza, mama, umekunywa ugonjwa na ukaifunga dawa mikono."

"Na mimba yangu?"

"Inawezekana. Siwezi kukuapia." Akaivaa miwani tena. "Ukitoka hapa leo, peleka habari nyumbani. Wote wachemshe maziwa. Na mkweo aje apimwe. Umenielewa? Leo."

"Nimeelewa, daktari. Nitawaambia."

Nilitamka maneno hayo kwa sauti. Alinisikia yeye, na alinisikia nesi aliyekuwa mlangoni.

Matibabu ya pili yalikuwa kitu kingine. Sindano zile zile na kapsuli zile zile, ila safari hii daktari alinikalisha akaniandikia kwa mkono wake nyuma ya bahasha. Nimeze kwa maji, glasi nzima, tumbo likiwa halina chakula: saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Nisinywe maziwa wala chai ya maziwa karibu na saa za dawa. Nimeze nimekaa au nimesimama, na nisilale hapo hapo, maana kapsuli ikikwama kooni inachoma. Nisimpe mtu hata moja. Nikipona kabla haijaisha, niimalize. Akasema dawa nyingine zina masharti tofauti, kuna zinazotaka chakula, kwa hiyo kila nikipewa mpya niulize upya. Na nikiona kitu kigeni mwilini nirudi kusema.

Nilirudi mara mbili. Mara ya kwanza masikio yalipoanza kulia tena. Aliikata sindano siku hiyo hiyo, akaniandikia vidonge vingine vilivyofanya mkojo uwe mwekundu, na akaniambia mapema kwamba utakuwa mwekundu, nikaokoka hofu. Mara ya pili ni ngozi. Nilikuwa nimekaa barazani kwenye jua la saa nne, jua la kawaida tu la Arusha, jioni mikono ikawa imebabuka, ikavimba. Kumbe tetrasaiklini huifanya ngozi iogope jua. Nikajifunika kanga mikononi, nikakaa ndani. Ndivyo nilivyoipita vuli ile, kwenye chumba chenye dirisha moja, na saa ya mezani, na jagi la maji. Tumbo lilinisumbua, mdomo ulikuwa na ladha ya shaba. Lakini saa tisa mchana zilianza kupita bila homa. Ya kwanza niliikalia kitandani nikisubiri, ikapita. Nikaenda kusugua sufuria kwa furaha.

Nilipona. Nyonga haikurudi yote, iliyokwisha kuliwa imeliwa, ila baada ya Pasaka niliweza kukanyaga cherehani nusu siku. Kama ningetaka kuwadanganya ningeishia hapo, niwashukuru madaktari, niwape masharti ya dawa, na mnisifu.

Maziwa yaliendelea kuja. Jumatatu na Alhamisi, kidumu, konda, "Yeyo anasema unywe yote." Na mimi niliyachukua, nikayatia kwenye sufuria, nikayachemsha mpaka yakakatika yakawa maji na mabonge. Niliyachemsha kila mara, bila kukosa, miezi kumi na mmoja. Nilianza na mwezi wa kumeza kwa maji, nikaendelea hadi vuli nyingine.

Sikumwambia.

Mwanzoni nilijiambia nitasema mwisho wa wiki, Lazaro akipata nafasi twende wote. Kisha nikajiambia ni jambo zito, mkwe hamwendei mkwe na maneno kama hayo. Ningeanzaje? Yeyo, shikamoo, maziwa yako yamemuua mjukuu wako. Nilijificha nyuma ya heshima. Lakini heshima haikuwa sababu. Sababu ni kwamba nilikuwa na hasira naye. Nilikumbuka mkono wake kiunoni na kikombe cha bati, nikakumbuka na kile kitenge alichomfungia mtoto, na nilijua akishajua ataniomba msamaha, na mimi sikutaka kutoa. Nilitaka kubaki na kinyongo changu kizima. Alipokuja kunitazama alinikuta natembea, akafurahi, akasema, "Unaona? Maziwa yamekushika." Nikamwambia, "Ndiyo yeyo, asante."

Lazaro aliniuliza mara moja kwa nini siku hizi ninachemsha kila kitu.

"Yasiharibike," nilimjibu.

Watoto wangu walikunywa ya kuchemsha. Mume wangu alikunywa ya kuchemsha. Niliwakinga wa kwangu, na mwanamke aliyenifulia nguo za jasho nikamwacha akinywa kwenye kibuyu, asubuhi na jioni.

Alhamisi moja basi lilisimama na konda akashuka mikono mitupu.

"Mama Neema, yeyo haamki," alisema. "Wanasema ni mgongo na nyonga. Ana homa tangu mwezi uliopita, huwa inakuja mchana."

Tulimleta mjini siku ya pili yake kwenye gari la mteja wa Lazaro, amelazwa kiti cha nyuma. Alikuwa amekwisha, mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mtoto. Tukakaa kwenye lile benchi. Nikamkalisha kushoto, mbali na msumari, nikakunja kitenge changu mara nne nikamtandikia. Zamu yetu ikafika, tukaingia, na nyuma ya meza alikuwa yule yule mama wa miwani ya uzi.

Alinitambua kabla sijakaa. Alimpima yeyo, akabonyeza nyonga ya kulia, yeyo akauma kanga yake. Kisha akamtuma nesi faili langu la zamani, akalifungua, akanigeukia.

"Si nilikuambia uwaambie nyumbani?"

Lazaro alikuwa amesimama ukutani. Nilitafuta pa kuweka macho nikapata sakafu.

"Nilikuambia siku ile ile," daktari alisema. "Miezi mingapi imepita?"

Hakungoja jibu, alikuwa na mgonjwa wa kumshughulikia. Ila tulipotoka kwenye korido, yeyo akiwa ndani anachomwa sindano, Lazaro alisema neno moja tu, taratibu, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Ulikuwa unachemsha."

"Lazaro."

"Ya kwetu ulikuwa unachemsha."

Hakunipiga, hakupaza sauti. Alikwenda kununua dawa. Kwa miezi mingi baadaye alisema nami yale ya lazima tu, chumvi iko wapi, mtoto amekula. Kuna wanawake wataona ni adhabu ndogo. Mimi nasema kipigo kingeisha siku ile.

Nilifunika cherehani yangu nikaenda kukaa Oldonyo Sambu wiki sita. Hakuna aliyenituma. Upande ule wa mlima ni kavu, upepo unabeba vumbi mpaka kwenye uji, na maji yanatoka mbali kwa punda. Nilitenga jagi moja la maji ya dawa, hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mara nne kwa siku nilimwinua yeyo, nikamkalisha kitako, nikampa kapsuli mbili na glasi ya maji.

"Maji matupu wanywe ng'ombe," alisema siku ya kwanza.

"Kunywa, yeyo."

"Tumbo litaniungua."

"Kunywa yote."

Nilisimama mbele yake mpaka glasi ikaisha. Nilipoutazama mkono wangu nikaona uko kiunoni.

Shemeji zangu waliambiwa na mtu wa mifugo kuhusu ng'ombe, wakachemsha maziwa wakinung'unika. Vibuyu vilining'inizwa ukutani vikakauka. Yeyo alikuwa anavitazama akiwa kitandani. Nilijua Lazaro ameshamwambia, maana yeyo aliacha kuniita Mama Neema. Hakuniita jina lolote.

Wiki ya nne homa ilimwacha. Ya tano alisimama kwa fimbo, akafika mlangoni, akarudi. Nyonga ya kulia ilikuwa imeharibika, na katika umri ule hairudi. Alikuwa mwanamke aliyekamua ng'ombe saba kila alfajiri akiwa amechuchumaa. Hatachuchumaa tena. Alilijua hilo kabla ya daktari kumwambia.

Siku ya kapsuli za mwisho nilimpa, akazimeza, akashika glasi mikononi.

"Ungeniambia," alisema.

"Nilikuwa na hasira, yeyo."

"Na mimi?"

"Na wewe."

Aliizungusha glasi. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kusema.

"Mimi nilikusimamia unywe ili upone," alisema. "Nilikuwa sijui."

"Najua ulikuwa hujui."

"Na wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo, yeyo. Nilikuwa najua."

Aliinua glasi akanywa maji yaliyobaki, akanirudishia.

Wanaopewa dawa kama yangu, mmeshasikia ya maji na ya maziwa na ya kumaliza. Nesi anataka hayo, nimeyaandika. La kwangu ni moja. Ukiambiwa na daktari uwaambie nyumbani, uwaambie siku hiyo hiyo, hata kama huwapendi siku hiyo.

Nilirudi Sakina siku ya Jumamosi. Jumatatu sikutegemea kitu. Lakini basi lilisimama, konda akashuka na kidumu. Nilikifungua pale pale barabarani. Yalikuwa maziwa ya kuchemsha, yamechemshwa mpaka yameungua, rangi imeshaanza kuwa ya kahawia.

Konda alikwishapanda, ameshika mlango.

"Yeyo anasemaje?" nilimuuliza.

"Hajasema kitu."

Basi likaondoka. Niliingia ndani, nikamimina kikombe kikajaa, nikakaa kwenye kiti cha cherehani, nikanywa yote.